Safari Bila Mzigo: Tunavyokwenda Ukerewe, Mmoja Mmoja

Leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengi wetu tunalitamani ila tunaona haya kulisema: mwanamke kusafiri peke yake. Siyo kwenda msibani, siyo kwenye harusi, siyo kufuata mzigo, bali kwenda kupumzika tu na kuutazama uzuri aliouumba Mungu.

Sisi ni mafundi cherehani sita hapa Mirongo, Mwanza. Wengine tuna waume, wengine wajane, wengine tunalea wenyewe. Wapo wa msikitini na wapo wa kanisani. Tunashona sare za shule, magauni ya vitenge na nguo za harusi. Mgongo unauma, macho yanashinda kwenye tundu la sindano. Ziwa liko hapo karibu, Mto Mirongo unapita katikati ya mji ukienda kumwaga humo, lakini miezi inaweza kupita hatujasimama hata mara moja kulitazama.

Ndipo tukaanzisha mchezo wa safari. Kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa wiki. Kila baada ya wiki nane, mmoja wetu anapokea 240,000. Watu sita kwa wiki nane ni wiki 48, na zile nne zinazobaki ni za sare, shule zinapokaribia kufunguliwa, hapo haondoki mtu. Masharti ni machache: pesa hii siyo ya ada wala ya kodi ya fremu. Anayepokea lazima asafiri, asibebe bidhaa, na aende peke yake. Waliobaki wanamalizia oda zake. Kwa nini peke yake? Kwa sababu tukienda wawili tutakaa tunahesabu wateja waliotukopa.

Wengi wetu tumechagua Ukerewe. Ni kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ziwa Victoria, na kutoka Mwanza unapanda meli, muda wa saa tatu na zaidi, unashuka Nansio. Huko kuna baiskeli nyingi, machungwa matamu, ugali wa muhogo na sato aliyevuliwa siku hiyohiyo. Ukipanda kwenye mawe ya Handebezyo unaliona ziwa na visiwa vyake. Bukindo kuna jumba la watemi wa zamani. Ukerewe ndiko alikotoka pia Aniceti Kitereza, aliyemaliza kuandika hadithi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akasubiri hadi 1980 ndipo ikachapwa kwa Kiswahili, mwaka mmoja tu kabla hajafariki. Mwenzetu mmoja alikibeba kitabu hicho, akakisoma barazani siku mbili bila kuulizwa gauni limefikia wapi.

Lakini tusidanganyane, kuna vikwazo. Cha kwanza ni maswali. Melini unaulizwa unauza nini. Ukisema huuzi, unapewa pole ya msiba. Kwenye gesti moja mhudumu alimuuliza mwenzetu mara tatu kama mgeni wake yuko njiani. Nyumbani nako, mume wa mmoja wetu alinuna siku tatu: safari bila mzigo ni safari ya nini? Jioni ya kwanza alipiga simu kuuliza habari za huko, ya pili akapiga kuuliza chumvi iko wapi. Tumejifunza kujibu kwa upole na kwa ufupi: "Nimekuja kupumzika." Jibu hilo halihitaji nyongeza.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi, nacho ni maji yenyewe. Sisi wa Mwanza hatuwezi kuzungumzia ziwa kama watu wa picha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika hapa, na waliozikwa pamoja wako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kimejaza kupita uwezo wake, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Mama wa mwenzetu mmoja alipoteza ndugu kwenye MV Bukoba, na zamu ya binti yake ilipofika alikataa katakata. Hatukumbishia. Binti alipita barabara ya Bunda hadi Kisorya, ambako maji ya kuvuka ni mafupi, akampigia mama kabla ya kupanda kivuko na baada ya kushuka. Mama hakusema kitu, alishusha pumzi tu. Kwetu hilo lilitosha.

Cha tatu ni imani. Kwa Waislamu kati yetu kuna suala la mahram. Mwenzetu mmoja alimuuliza ustadhi wake, akaamua kusubiri hadi kaka yake apate nafasi ya kwenda naye. Tulimpa pesa zake zote, na sharti la kwenda peke yake tukaliondoa kwake. Mapumziko yasimtoe mtu kwenye dini yake, na wala dini isigeuzwe kisingizio cha wengine kumnyima mwanamke mapumziko.

Kama nanyi mnafikiria, shikeni haya. Chombo kikijaa, usipande, hata kama tiketi umeshalipia. Jua boya la kujiokoa liko wapi kabla chombo hakijaondoka. Fika kabla ya giza. Chumba kiwe na komeo la ndani linalofunga. Mtumie mtu mmoja unayemwamini jina la gesti na namba ya bodaboda aliyekubeba. Ziwani usiingie hovyo: kichocho kipo, na mamba wapo. Pesa igawe sehemu mbili, na nauli ya kurudi usiiguse.

Tunajua wapo watakaosema 240,000 ingenunua bati au ingelipa ada. Ni kweli, na hizo tunazitafuta kila siku. Lakini cherehani yenyewe tunaisafisha na kuipaka mafuta, la sivyo inakwama katikati ya kazi, na hakuna anayeita huo ubadhirifu. Mwanamke naye ana mwili unaochoka na roho inayochoka. Wiki ijayo mwingine wetu anaondoka, oda zake tumeshagawana, na blauzi mbili za kwaya zimebaki kutiwa vifungo tu.

Mungu awatangulie katika safari zenu.