Darajani au Chini Kwenye Mashine

Julai iliyopita binti wa kaka yangu alikuja kwetu Chanji, Sumbawanga, likizo yake ya kwanza tangu atunukiwe kamisheni ya wanamaji. Alishuka kwenye basi jioni, wakati ule ambao baridi ya Ufipa inaanza kupenya hadi kwenye mifupa, tukamsogezea kigoda karibu na jiko la mkaa. Mama yake akamletea ugali wa ulezi na maharage. Alikula kimya, akanawa, kisha akaniuliza jambo ambalo nadhani alilibeba safari nzima kutoka Dar es Salaam.

"Baba mdogo, nikirudi nitatakiwa kusema ninapenda kuanzia wapi, darajani au kwenye mashine. Wewe ungeniambia nini?"

Mimi niliulizwa swali hilohilo mwaka 1989, Kigamboni, nyota moja begani na viatu bado vinanibana. Nilisema "darajani" kabla mkubwa wangu hajafunga mdomo. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwa nini nilijibu haraka namna ile.

Sisi wa Chanji ni watu wa mlimani. Mji wa Sumbawanga uko kwenye mita kama 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Tanganyika liko chini huko magharibi, kwenye mita 770 hivi. Kati yetu na maji kuna mteremko ambao malori ya zamani yaliushuka yakinuka breki. Baba alikuwa akipeleka magunia ya mahindi Kasanga, na mwaka 1975, nikiwa na miaka tisa, alinichukua. Usiku ule meli ya Liemba iliingia. Mtoto aliyezoea vibatari hasahau taa zile. Juu kabisa, nyuma ya kioo, nilimwona mtu amesimama wima, hafanyi lolote, na chombo kile kizima kikageuka taratibu kama kinachomtii. Nikasema moyoni, mimi nitakuwa yule. Aliyekuwa chini, kwenye joto, hakunijia akilini hata kidogo.

Na baba ndiye aliyekuwa akinisimulia habari ya hao wa chini, ila sikuwa na sikio nayo. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Kigoma, ikaungwa upya huko. Vita ilipowaelemea Wajerumani mwaka 1916, waliamua kuizamisha wenyewe. Mafundi waliotoka nayo Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, hawakuharibu mashine. Walizipaka grisi nzito kwanza, ndipo chombo kikashushwa majini. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mashine inafaa, na mwaka 1927 ikaanza safari ikiitwa Liemba. Baadaye mvuke uliondolewa ikawekwa dizeli, lakini isingefika huko bila grisi ile. Meli niliyoitamani utotoni ilikuwa hai kwa sababu ya watu wa chini.

Kigamboni ya miaka ile ilikuwa na boti za doria zilizotoka China, kwa kuwa Wachina ndio waliotusaidia kuanzisha wanamaji miaka ya sabini mwanzoni. Ofisa kijana wa darajani alisimama zamu pembeni ya mkubwa wake: dira, rada, penseli na bikari juu ya ramani, kuhesabu maji kupwa na kujaa, kujua kusi litakusukuma kiasi gani kabla ya kuuona mnara. Niliipenda kazi hiyo kwa dhati na bado naipenda. Tulichokuwa nacho ambacho sikukipenda baadaye ni dharau. Wenzetu wa mashine walipanda juu na mikono myeusi, sisi tukawapisha kama wanaopita kupeleka kuni jikoni.

Mwaka 1992 lilikuja chaguo la pili, ambalo kwa ofisa kijana naliona zito kuliko la kwanza. Niliweza kukaa ofisini Dar es Salaam, au kwenda Kigoma kwenye boti ndogo. Rafiki yangu mmoja alichukua ofisi, na simlaumu. Alikuwa na mke mjamzito, na nyumba ilikuwa karibu na hospitali. Wengi waliniambia Kigoma ni kuzikwa. Afande mmoja mtu mzima, aliyekuwa akizungumza kwa nadra, aliniita pembeni: "Meli kubwa utaitazama wengine wakiiongoza. Ndogo utakabidhiwa." Nikaenda.

Alisema kweli. Katika miezi sita nilikuwa nimeshika zamu peke yangu mara nyingi kuliko miaka yote mitatu ya pwani. Na ndipo yakanipata.

Ulikuwa usiku wa giza la mwezi, wavuvi wa dagaa wametoka, karabai zimetapakaa majini hadi ungedhani kuna mji. Kusi lilikuwa linavuma. Nilizikwepa taa zote vizuri, nikajisifu, nikaingia kwenye jarife lililokuwa halina taa. Boti ikatetemeka. Nikadhani ni mawimbi, nikaongeza mwendo. Ikatetemeka zaidi, nikaongeza tena. Sajini wa mashine akatokea mlangoni, jasho na mafuta usoni. "Afande, zima. Unaiua." Nilizima kwa sababu ya sauti yake. Sikuwa nimeelewa bado. Wavu ulikuwa umejisokota kwenye pangaboi, na mimi nilikuwa naisukuma mashine ipambane na kitu kisichoachia.

Tukaanza kusukumwa kuelekea miambani. Nikaamuru nanga. Asiyelijua Ziwa Tanganyika atashangaa: ufukwe wake huporomoka ghafla, na ziwa lenyewe lina kina cha mita 1,470 pale palipo kirefu zaidi. Mnyororo uliisha wote, nanga inaning'inia. Kijana mmoja akajifunga kamba kiunoni, akaingia majini na kisu, gizani, akakata nyuzi moja baada ya nyingine huku sajini akigeuza shafti kwa mkono, kidogo kidogo. Tuliwasha mashine tukiwa tunasikia wimbi likipiga jiwe. Nyavu zile zilikuwa riziki ya mtu, na nimezifikiria mara nyingi pia.

Asubuhi nilimwomba sajini anifundishe. Kila nilipotoka zamu nilishuka chini kwa saa moja au mbili. Nilijifunza kusikia nozeli iliyoziba, kugusa bomba na kujua joto limezidi, kutambua rangi ya moshi. Mwishoni mwa 1996, boti zilipokuwa zikivuka kutoka Zaire zimejaa watu wanaokimbia vita, wengine wamekaa hadi ukingoni, kuna usiku nilipunguza mwendo kabla sajini hajasema, kwa kusikia tu. Hatukuweza kumudu kuharibikiwa karibu na boti zile.

Tangu hapo kila luteni usu aliyeletwa chini yangu nilimtuma kwenye mashine kwanza. Wengine walininung'unikia. Nilisoma baadaye kwamba hata mataifa makubwa hayajakubaliana. Waingereza humtenga ofisa wa daraja na wa mashine tangu mwanzo, kila mmoja abobee. Wamarekani humpitisha kijana huku na huku, meli ya kwanza labda mashine, ya pili labda daraja. Lakini mwaka 2003 walifunga shule iliyomwandaa kabla ya kupanda meli, wakampa santuri za kompyuta ajisomee humohumo. Mwaka 2017 meli zao mbili, Fitzgerald na John S. McCain, ziligongana na meli za mizigo ndani ya miezi mitatu, wakafa mabaharia 17. Sababu zilikuwa nyingi, na mafunzo haba ya vijana yalitajwa miongoni mwake. Wakarudi kuyaongeza. Mimi naamini kijana apitishwe kote, ila apitishwe na mtu, si na santuri.

Hayo yote nilimweleza binti yangu usiku ule. Akanisikiliza kwa heshima, kisha akanionyesha kwenye simu picha za Mwitongo na Msoga, meli za doria zilizozinduliwa mwaka 2015, nikiwa nimeshastaafu.

"Baba mdogo, siku hizi aliye darajani anaona joto la mashine kwenye kioo. Setilaiti inamwambia alipo. Kioo kikizimika, anayejua kwa nini kimezimika yuko chini. Mimi nataka kuwa huyo. Na nataka kubaki huko."

Kubaki. Neno hilo lilinichoma kidogo. Nilikuwa nimemtayarishia mashine kama ngazi ya kupandia, yeye ameiona nyumba. Nikamwambia asiseme "kubaki" mapema, akiwa bado hajasimama zamu hata moja ya usiku juu. Akasema atafikiri. Mama yake akatuambia mkaa umeisha, tukalale.

Alianza kwenye mashine mwezi Septemba. Aliponipigia mara ya kwanza nilimuuliza upepo unatokea wapi. Akacheka, akasema yuko bandarini, lakini hata jana wakiwa baharini asingejua, kule chini hakuna upepo. Sikusema kitu.

Mara ya pili ilikuwa usiku, nimeshajifunika blanketi mbili. Kabla sijasema lolote akasema, "Shikamoo, baba mdogo. Kaskazi. Limeanza leo mchana, nilipanda juu kuliangalia."

Nikaitika marahaba, nikainuka kitandani nimsikilize vizuri.