Mdada wa Kilwa anayepiga eksirei tope la kwao

Mtaani Kilwa Masoko wana swali moja tu kuhusu huyu mdada: "PhD si ameshapata, mbona bado anasoma?" Mama yake ameulizwa sokoni, ameulizwa msibani, hadi harusini. Wengine wakiona status zake za WhatsApp, theluji na makoti mazito, wanaanza kuhesabu euro ambazo hata hazipo.

Hasomi, anafanya kazi. Ukimaliza PhD, watafiti wengi wanaishi kwa mikataba mifupi, mwaka, miaka miwili, huku wakitafuta ajira ya kudumu. Mkataba wake uko Grenoble, Ufaransa, kwenye mtambo unaoitwa sinkrotroni. Usifikirie kile chumba cha eksirei cha hospitali. Huu ni mduara wenye mzingo wa mita 844. Elektroni zinazungushwa humo kwa kasi inayokaribia ya mwanga, sumaku zinazipindisha, na kila zikipinda zinatoa eksirei kali sana. Mwale ukibanwa vizuri unaonyesha vitu vya makumi ya nanomita. Unywele wako mmoja una unene wa nanomita 80,000 hivi, piga hesabu mwenyewe.

Sasa anapiga picha nini? Tope la kwao. Kweli tena.

Udongo wa mfinyanzi wa pwani ile umepangika kwa matabaka, na wanajiolojia wameyaita Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Ndiyo, Nangurukuru hiyo hiyo ya kushukia basi. Ndani yake mna foraminifera, vigamba vya viumbe wa baharini wa mamilioni ya miaka iliyopita, vingine vidogo kuliko punje ya chumvi. Kwingine duniani vingi vimeharibika vikawa vyeupe kama chaki. Vya Kilwa vinang'aa kama kioo, kwa sababu udongo ule haupitishi maji kirahisi. Mwaka 2001 jarida la Nature lilitoa utafiti uliotumia vigamba vya pwani hii, ikabainika bahari za tropiki zamani zilikuwa na joto kuliko vile vilivyoharibika vilivyokuwa vikidanganya. Watu tunagombania mjusi wa Tendaguru aliyeko Berlin, hivi vidogo hakuna hata anayeviulizia!

Kazi ya mdada ni kuchungulia ndani ya ukuta wa kigamba, kuona kama kweli haujaguswa. Ukiwa umeguswa, namba ya joto ni uongo.

Mtambo wenyewe mnaomba zamu, mnashindanishwa. Ukipata ni siku chache, usiku na mchana, na kigamba kikitikisika kidogo tu picha imekufa. Zamu ya mwisho simu ya mama iliita mara nne bila kupokelewa. Alipopiga:

"Mwanangu, unarudi lini? Watu wananiuliza."

"Mkataba unaisha mwezi wa sita, mama."

"Kwa hiyo unarudi?"

Kimya. Afrika haina sinkrotroni hata moja. Ya jirani ni SESAME, Jordan, iliyozinduliwa 2017. Akirudi anauacha mwale, akibaki mama anabaki na maswali ya sokoni peke yake.

"Na hilo tope mnalitoa wapi?"

"Pande, mama."

"Pande hii? Si ungesema, tukutumie kiroba!"

Alicheka mpaka wenzake wakageuka. Maombi ya zamu nyingine ameshatuma, majibu bado.