Mshono Chukua, Bibi Niachie

Rafiki akiiga mshono wa nguo yangu sikasiriki. Mshono hauna mwenyewe. Fundi kauona kwenye simu ya mteja mwingine, mteja kauona harusini, na aliyeuvaa harusini naye kaupata kwingine. Shoga yangu akiniona na gauni la kitenge, haipiti muda naye analo, tena lake limekaa vizuri kuliko langu. Nikisuka twende kilioni, naye twende kilioni. Namsifia, kwa kuwa amependeza kweli.

Hata alipoanza kuuza vitumbua nilinyamaza, ingawa baadhi ya wateja wangu walihamia kwake kwa sababu yuko karibu na kituo cha daladala. Mimi mwenyewe nilifundishwa vitumbua na jirani: mchele ulale kwenye maji usiku kucha, usagwe na tui la nazi, utiwe hamira na iliki, uachwe uumuke, na moto usiwe mkali, la sivyo kingo zitaungua na katikati pabaki pabichi. Jirani yule angenificha, ada ya wanangu ningeilipa kwa nini?

Kilichoniuma kilitokea kwenye kikoba chetu. Siku hiyo kila mmoja alikuwa akieleza alikotoka, na shoga yangu akasimulia habari za bibi aliyesuka mikeka ya ukindu, akawa anafunga pesa za ada ya mjukuu kwenye pindo la kanga, fundo juu ya fundo, babu asijue. Mama mmoja akafuta machozi. Mimi nikaduwaa. Bibi yule ni wangu. Nilimsimulia shoga yangu habari zake usiku mmoja umeme umekatika, tumekaa barazani kwangu. Hata lile fundo la mwisho, ambalo bibi alilifungua kwa meno maana vidole vilikuwa vimekakamaa, alilieleza vilevile nilivyomweleza.

Hapo nikajua mpaka wangu uko wapi. Ujuzi wangu, mavazi yangu, hata namna ninavyozungumza na wateja, achukue. Ila maisha yaliyonilea yana watu wake, na watu hao wakihamishiwa ukoo mwingine ni kama hawakuishi.

Kwa habari ya kuiga, namfikiria sana Bi Kidude, mwimbaji wa taarab wa Unguja. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, ndiye aliyetamba Unguja, na Bi Kidude alijifunza kwa kumsikiliza, akaziimba nyimbo zake mpaka uzeeni, mpaka dunia ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005. Aliziimba kwa sauti yake mwenyewe, nzito na yenye mikwaruzo, wala hakuficha kwamba mwalimu wake ni Siti. Siti hakupungukiwa na kitu. Wapo wengi waliolijua jina lake kupitia kwa Bi Kidude. Kuigwa namna hiyo nani atakataa?

Kuna walionishauri ninunue kanga yenye jina la kumchoma shoga yangu, niivae nikipita mbele ya meza yake. Nilikataa. Kanga ya mafumbo husema bila kusikiliza, na mtaa mzima hujua mmegombana kabla ninyi wenyewe hamjazungumza. Rafiki wa miaka mingi anastahili kuambiwa uso kwa uso.

Nikamfuata jioni, nikamkuta anasugua chuma cha vitumbua. Nikamwambia, "Shoga, vitumbua uza, mishono shona. Bibi yangu niachie."

Hakukana. Alisugua kwa muda, kisha akasema, "Mimi sikujaliwa kumjua bibi hata mmoja. Na pale kila mtu alikuwa na wa kumtaja."

Nilimhurumia, na nikamwambia hivyo. Hata hivyo dai langu lilibaki palepale: wenzetu waambiwe bibi yule ni wa nani. Kikao kilichofuata aliwaambia, sauti ikimtetemeka, na nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kunifanyia.

Siku hizi nikienda kwake namuuliza habari za mama yake, aliyekuwa akianika dagaa pale Kibirizi, Kigoma. Anajua kupima mawingu ili dagaa wasilowe, anajua mama yake aligombana na nani kwa ajili ya bei. Nimemwambia hizo ndizo za kusimulia kikobani. Amekubali, ila ametaka nikae karibu naye siku atakapoanza.