Gunia la Karanga

Nyumbani kwetu biashara na vituko vya familia hulala chumba kimoja. Tunatengeneza siagi ya karanga, achari ya maembe na sabuni ya maji, na karibu kila msimu wa maonyesho lazima kitu kimwagike. Mwaka mmoja ndoo ya achari ilifunguka ndani ya daladala ikamlowesha baba mmoja aliyekuwa anakwenda harusini. Mwaka mwingine mjukuu alibandika lebo za sabuni kwenye makopo 42 ya siagi, tukakesha tukizibandua kwa maji ya moto. Hayo tunayasimulia tukicheka.

La gunia hatulicheki sana.

Wanaoijua Dodoma wanajua Nane Nane ya viwanja vya Nzuguni ina maana gani kwa wajasiriamali wadogo kama sisi. Siku zile chache za Agosti tunauza kuliko miezi mitatu ya kuzungukia majirani. Mwaka ule tulinunua gunia zima la karanga kutoka Kongwa (ndiyo, kulekule ambako Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 wakaondoka mikono mitupu), na ndani ya gunia hilo tulikuwa tumeshaihesabu ada ya kijana wetu wa chuo. Tukaitwa msibani. Tuliporudi siku ya nne, pipa la maji la stoo lilikuwa limepasuka. Gunia limekaa ndani ya maji, na karanga za chini zina joto na ukungu wa kijani.

Hapo nyumba iligawanyika. Shemeji alishauri tuchambue zilizooza, zilizobaki tuzianike na kuzikaanga vizuri, nani angejua? Alisema kweli, hakuna ambaye angejua. Ukungu wa namna hiyo huweza kuacha sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Haionekani kwa macho, nayo huharibu ini. Sisi watu wa Dodoma hatuhitaji kuhadithiwa: mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu huku kwetu na Manyara.

Usiku ule tulisali, sala ndefu kuliko kawaida, maana sote tulilijua jibu na kila mmoja alitamani lingine. Tulipomaliza, Bibi, aliyekuwa kimya tangu jioni, akauliza kama siku ya mavuno tungelipeleka kopo hilo madhabahuni. Kisha akauliza kama tungempa mjukuu alambe kijiko. Hakuna aliyemjibu.

Asubuhi tulichimba shimo. Jirani aliziomba akawape kuku wake; tukamkatalia, kwa kuwa sumukuvu huua hata kuku. Alinuna hadi Krismasi.

Nzuguni tulikwenda na achari, sabuni, na makopo 11 ya siagi iliyotengenezwa kwa karanga za awali. Yaliisha siku ya kwanza kabla ya saa sita mchana. Siku zilizobaki wateja walikuja kuulizia siagi, tukawaambia haipo, wakaenda kununua meza ya tatu kutoka kwetu, tukiwaona. Hilo liliuma. Ada ililipwa kwa mkopo wa kikoba, na tulimaliza kuurejesha mwezi Machi. Pipa jipya tumeliweka nje.