Katubuka, moto na migebuka

Ukishuka Kigoma usiishie mjini tu, mshikaji. Julai mimi nilifikia Katubuka, nikakaribishwa migebuka uani. Mafiga matatu, kuni kavu, kikaango cha mawese. Raha mtindo mmoja!

Nikajitia ujuaji wa Dar. Upepo ulipozidi, nikasogeza kuni karibu na baraza. Mama mwenye nyumba akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hapo juu si nyasi hizo?" Kweli, cheche zilikuwa zinaruka! Tukarudisha moto katikati ya uwanja, ndoo ya mchanga pembeni.

Mara kikaango kikashika moto. Mimi huyoo, mbio kuchota maji. "Acha! Mafuta yatakurukia," akasema, akakifunika kwa mfuniko. Moto kimya.

Saa tano usiku baridi ikanibana, nikataka karai la makaa chumbani. Hapo mama akagoma kabisa. Hewa ya makaa haina rangi wala harufu, inakumaliza usingizini. Akamwagia makaa maji, akakoroga, akamwagia tena mpaka yakapoa. Kisha akanipa blanketi.

Nikaamka mzima. Na wewe, jiko lako linalala wapi?