Chokaa Haikimbizwi

Mwaka 1976, nikiwa na miaka 15, mjomba alinichukua kazini Lamu akanikabidhi chekeche. Mwiko sikuushika mwaka mzima. Nilichekecha mchanga, nikateka maji, nikakoroga chokaa mpaka mikono ikababuka.

Chokaa yetu ilizaliwa kwa moto. Magogo yalipangwa duara, matumbawe yakarundikwa juu, kisha yakachomwa hadi yakaiva. Yalipomwagiwa maji yalifunguka yakawa unga mweupe. Mjomba hakuutumia unga huo ukiwa mpya. Aliuacha miezi kadhaa. Nilipomuuliza sababu, alijibu, “Mwanangu, chokaa haikimbizwi. Ukiipaka kabla haijatulia, itatulia ukutani, nao ukuta utapasuka.”

Mwaka wa pili aliniingiza katika chumba kiitwacho ndani. Boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba zetu za kale hufika mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba. Mwanga huingia kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, ukafifia kila unapopiga hatua. Kule mwisho, mafundi wa karne ya 18 waliujaza ukuta mzima zidaka, yaani vishubaka, safu juu ya safu, kila kimoja na ukingo wake wa nakshi. Humo ziliwekwa sahani za kaure kutoka China, na vitabu. Jiko lilikuwa juu kabisa, penye paa, kwa hiyo nyumba haikuhitaji dohani. Moshi ulikwenda zake angani, na weupe wa ndani ukabaki.

Nakshi huchongwa lipu ikiwa bado na unyevu. Ukiwahi, kisu huburura. Ukichelewa, kingo humeguka. Muda wa katikati ni mfupi, na hakuna saa inayoupima isipokuwa kidole chako. Ilichukua miaka minne hadi mjomba akautazama ukingo wangu bila kuukwangua.

Baada ya yeye kufariki, mwenye nyumba mmoja alinitaka nitengeneze sehemu ya chini ya ukuta kwa simenti, kwa kuwa alikuwa na haraka. Nilijua si sawa, nami nikakubali. Haikupita miaka miwili, chumvi ikachanua ukutani kama ukungu. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke taratibu. Simenti iliyaziba. Maji yakapanda kutafuta njia, yakazifikia zidaka, na chumvi ikaisukuma nakshi ikaanguka vipande vipande. Nilipiga magoti nikaokota kazi ya fundi aliyeishi zaidi ya miaka 200 kabla yangu. Uchungu ule ninao hadi leo.

Niliibandua simenti yote bila malipo. Nikauacha ukuta ukauke kaskazi nzima, kisha nikaupaka chokaa iliyokomaa na kuzichonga upya safu mbili kwa kufuata alama zilizosalia. Tangu siku hiyo sijachanganya simenti katika nyumba ya kale, hata pale kukataa kuliponikosesha kazi.

Mwaka 2001 Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi. Lakini heshima hiyo inalindwa na mtu anayekubali kuisubiri chokaa, na watu hao sasa tunahesabika. Ninafundisha vijana watatu. Wote walianza kwa chekeche.

Ewe uliyerithi nyumba ya mawe, iwe Lamu, Mombasa au Unguja, kabla fundi hajaugusa ukuta wako muulize anachanganya nini. Akijibu simenti, mshukuru, umuage, kisha utafute mwingine.