Kabla ya Kupanda Farasi Karen, Pima Kichwa

Ukiabiri matatu ya nambari 111 jijini Nairobi Jumapili ya mashindano, ukae dirisha la kushoto, utauona uwanja wa Ngong ukishapita Dagoretti Corner. Uwanja huu ulifunguliwa mwaka wa 1954, mbio za farasi zilipohama kutoka upande wa Kariokor. Huko mjini limebaki jina tu, Race Course Road, barabara ambayo leo wengi huipita wakikimbilia mabasi bila kujiuliza farasi wenyewe walikwenda wapi.

Shuka, mpenzi msomaji, uwapeleke watoto hadi penye ua wanapozungushwa farasi kabla ya mbio kuanza. Watoto watatazama farasi. Wewe tazama vichwa vya majoki. Kila mmoja amevaa helmeti ya mviringo iliyofunikwa kitambaa cha rangi za mwenye farasi. Helmeti hiyo haina ukingo mgumu mbele. Ukiona ukingo, basi ni wa kitambaa laini tu, kwani joki akianguka kifudifudi, ukingo mgumu ungeweza kukisukuma kichwa nyuma na kuiumiza shingo.

Si ajabu kabla jua halijazama mtoto akuombe naye apande. Upande wa Karen na Lang'ata kuna mabanda yanayofundisha watoto na wakubwa. Utalipa, mtoto atavaa viatu vya kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, kisha saisi atamletea helmeti kutoka ukutani. Wazazi wengi hapo huanza kupiga picha. Weka simu mfukoni kwanza.

Farasi mzima ana uzito wa kilo 450 hadi 500, na kichwa cha mtu mzima aliyeketi mgongoni mwake kiko zaidi ya mita 2 kutoka ardhini. Wala usidhani kwamba hatari ni ya mbio peke yake. Mwezi wa Machi mwaka wa 2010 Mmarekani Courtney King-Dye, aliyeshiriki Olimpiki ya Beijing mwaka wa 2008, alikuwa akimfunza farasi aliyejikwaa na kuanguka naye. Hakuwa na helmeti. Alipasuka fuvu, akazirai kwa wiki kadhaa, na baadaye akalazimika kujifunza upya kutembea na kuzungumza. Hata hivyo, katika mchezo wake huo wa madaha, kofia ndefu za heshima ziliendelea kuonekana hadi mwaka wa 2021, shirikisho la kimataifa lilipoifanya helmeti kuwa lazima. Marehemu Malkia Elizabeth wa Uingereza naye alipanda farasi miaka nenda miaka rudi akiwa na kitambaa tu kichwani. Usimuige.

Sasa, helmeti iliyo mkononi mwako. Ikiwa unanunua, chukua utepe wa fundi wa nguo, uzungushe kichwa cha mtoto juu kidogo ya nyusi na masikio, usome sentimita. Pima akiwa na mtindo wa nywele atakaopanda nao. Jambo hili vitabu vya wageni hulisahau: msichana aliyepimwa akiwa amenyolewa, kisha akasukwa rasta nene wiki inayofuata, ana kichwa kingine kabisa. Fundo la nywele utosini huinua helmeti ikaning'inia kama sufuria juu ya figa. Nywele ndefu zifungwe chini, kisogoni.

Ikishavaliwa, ikae sawa, si kusukumwa nyuma kama kofia ya mlevi. Kati yake na nyusi pasizidi nafasi ya vidole viwili. Mwambie mtoto atikise kichwa kabla hujafunga kamba: ngozi ya paji la uso isogee pamoja na helmeti. Ikicheza, ni kubwa. Ikimbana mahali pamoja hadi akalalamika, umbo lake haliafikiani na kichwa hicho, kwani kuna vichwa vya duara na vilivyorefuka. Usinunue kubwa eti atakua nayo. Sare ya shule sawa, helmeti la.

Ndani tafuta kibandiko. Ya Ulaya iwe na EN 1384 yenye mwaka wa 2017 au baadaye, ya Marekani iwe na ASTM F1163 na alama ya SEI. Bei kubwa mara nyingi ni ya urembo. Helmeti ya bodaboda haifai, ni nzito na haikutengenezewa kazi hii. Ya baiskeli nayo huacha kisogo wazi.

Na mitumba je? Hapa sina simile. Chini ya ganda kuna povu gumu jeupe, ndugu wa lile linalokinga televisheni ndani ya katoni. Kazi yake ni kubonyea wakati wa kishindo ili ubongo usipokee nguvu yote, na likishabonyea halirudi. Kwa nje helmeti huweza kung'aa kama mpya. Ukiiona Toi au Gikomba kwa bei ya kutupa, iache hapo hapo, maana hujui ilianguka na nani. Hata yako mwenyewe, ibadilishe baada ya ajali yoyote, na watengenezaji wengi hushauri isipite miaka 5.

Tuseme mmeshalipa na hakuna helmeti ya bandani inayomkaa mtoto. Omba nyingine. Ikikosekana, mtoto asipande siku hiyo, alie asilie. Mwache amlishe farasi karoti, mwenye banda akiruhusu, kwa kiganja kilichonyooshwa ili asiumwe vidole.

Mkirudi nyumbani na helmeti yenu wenyewe, ifuteni jasho na kuianika kivulini. Msiiache nyuma ya kioo cha gari juani, kwani joto hulidhoofisha lile povu.